Maji Ukiyavulia Nguo: Ahadi ya Mtoaji Uloto na Haki ya Kubadili Nia

Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Tangu shule ya msingi tumefundishwa methali hii kana kwamba haina swali ndani yake: umeahidi, basi lipa. Katika insha hii nataka kuiuliza methali hiyo swali moja. Je, mtu aliyeahidi kutoa sehemu ya mwili wake ili mwingine apone ana haki ya kubadili nia, ilhali yule anayesubiri ameshakubali kuharibiwa mwili wake kwa kuiamini ahadi hiyo? Swali hili sikulikuta kwanza katika kitabu cha falsafa. Nililikuta kwenye ngazi za nyumba ya wageni, katika mji mmoja wa kusini mwa India, saa nane za usiku, nikiwa na umri wa miaka 19.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, mjini Bujumbura. Kaka yangu, mtoto wa kwanza nyumbani, aligundulika kuwa na leukemia, yaani saratani ya damu, akiwa na miaka 27. Alitibiwa kwa dawa kali hadi seli za saratani zikawa hazionekani tena kwenye vipimo. Hata hivyo, madaktari walisema kwamba kwa aina yake ugonjwa huo hupenda kurudi, na njia yenye matumaini zaidi ilikuwa kupandikizwa uloto wa mtu mwingine. Tumezaliwa wanne, baba mmoja mama mmoja. Watatu tuliobaki tukapimwa. Kwa kila ndugu wa tumbo moja, uwezekano wa kulingana kikamilifu na mgonjwa ni 1 kati ya 4. Niliyelingana ni mimi.

Baba mkubwa akaitisha kikao cha ukoo. Kiwanja chetu cha Kinama kikauzwa, majirani wakachanga, na uamuzi ukatangazwa kwa sentensi moja: “Huyu mdogo atampa mkubwa wake.” Hakuna aliyeniuliza, nami sikuona kwamba palikuwa na la kuulizwa. Damu ni nzito kuliko maji.

Ili uzito wa swali langu uonekane, ni lazima kwanza tuelewe mgonjwa anaandaliwaje. Uloto, ambao wengine huuita uboho, ni ile tishu laini iliyomo ndani ya mifupa. Humo ndimo damu inamotengenezwa: seli nyekundu zinazobeba oksijeni, seli nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda mtu anapojeruhiwa. Katika leukemia, kiwanda hiki huanza kutoa kwa wingi seli nyeupe zisizokomaa, ambazo hazifanyi kazi na huziba nafasi ya seli nzuri.

Kabla ya kuwaona madaktari nilidhani kupandikiza uloto ni kama kumwongezea mtu damu. Sivyo. Uloto mpya hauongezwi juu ya ule wa zamani. Ule wa zamani huharibiwa kwanza. Kwa muda wa wiki moja hivi, mgonjwa hupewa kemotherapia kwa kiwango kikubwa sana, na wengine hupigwa pia mionzi ya mwili mzima. Maandalizi hayo yana kazi tatu: kuua seli za saratani zilizojificha, kuacha nafasi ndani ya mifupa, na kuizima kinga ya mwili ili isizikatae seli za mgeni. Siku za maandalizi huhesabiwa kinyumenyume: siku hasi saba, hasi sita, hasi tano. Siku ya kupokea uloto huitwa siku sifuri. Kuanzia hapo mgonjwa huhesabiwa siku zake upya, kama mtoto aliyezaliwa.

Hata kabla ya hiyo hasi saba, kaka alipitia mengi. Alipimwa moyo, mapafu, ini na figo ili ijulikane kama vitastahimili. Alikaguliwa meno, maana jino bovu dogo linaweza kuwa mlango wa kifo kwa mtu asiye na kinga. Alitiwa mpira kwenye mshipa mkubwa wa kifuani wa kupitishia dawa na damu. Akaulizwa pia kama angependa kuhifadhi mbegu za uzazi, kwa kuwa dawa zile zingeweza kumfanya asizae tena. Alikuwa na mchumba. Alitia saini karatasi zote hizo mbele yangu.

Tiba hii haikuanza kwa ushindi. Daktari Mmarekani E. Donnall Thomas na wenzake walichapisha mwaka 1957 taarifa ya wagonjwa sita waliopewa uloto wa watu wengine baada ya mionzi au dawa, na wote sita walifariki. Aliendelea na utafiti wake kwa miaka mingi, na mwaka 1990 alipata Tuzo ya Nobel, akiigawana na Joseph Murray wa upandikizaji wa figo. Leo wengi hupona, lakini msingi wa tiba haujabadilika kwa mgonjwa kama kaka yangu: anavushwa mto ambao daraja lake huvunjwa nyuma yake. Dawa zikishafanya kazi, uloto wake mwenyewe hautarajiwi kurudi. Seli za mtoaji zisipofika, atakufa kwa maambukizi au kwa kuvuja damu, hata kama saratani yenyewe imeshindwa.

Sasa nirudi kwenye zile ngazi. Ilikuwa usiku wa siku hasi tatu. Kaka alikuwa amelazwa chumba cha peke yake, na kila aliyeingia alinawa na kuvaa barakoa. Mimi nilikuwa nimepangiwa kuingia chumba cha upasuaji siku sifuri, nipigwe nusukaputi, na madaktari wachome sindano kwenye mfupa wa nyonga mara nyingi hadi wapate uloto wa kutosha, kiasi cha lita moja au pungufu. Nilikuwa nimeelezwa kwamba uloto wa mtoaji hujijaza tena baada ya wiki chache, na kwamba hatari kwangu ni ndogo. Yote hayo niliyajua. Lakini jirani yetu wa Buyenzi, mama aliyekuwa akitukaangia mandazi tulipokuwa wadogo, aliingia chumba cha upasuaji akipigwa nusukaputi na hakuamka. Usiku ule sura yake ilinijia na haikuondoka. Nilikuwa na pasipoti mfukoni na pesa za teksi hadi uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Je, kama ningeondoka, ningefanya kosa gani hasa?

Jibu la kwanza linalonijia ni la kisheria, nalo linasema: hakuna kosa. Mwaka 1978 huko Pittsburgh, nchini Marekani, mtu mmoja ambaye uloto wake ulikuwa umeshindwa kutengeneza damu alimshtaki binamu yake. Ugonjwa wake haukuwa leukemia, lakini tiba aliyoihitaji ilikuwa hii hii. Binamu alikuwa amekubali kipimo cha kwanza, akaonekana analingana, kisha akakataa kuendelea. Jaji John Flaherty alisema kwamba kukataa huko hakuwezi kutetewa kimaadili, lakini akakataa kumlazimisha. Jamii inayomfunga mtu kitandani na kumtoboa mfupa kwa faida ya mwingine, kwa maoni yake, ingekuwa imevunja heshima ya mwili wa binadamu ambayo sheria ipo kuilinda. Mgonjwa alifariki wiki mbili baadaye.

Ninakubaliana na jaji. Hata usiku ule, kama ningekuwa nimekamatwa uwanjani na kurudishwa kwa nguvu hadi chumba cha upasuaji, kaka angepona kwa njia ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuitazama. Lakini kesi ile haijibu swali langu. Yule binamu alikataa kabla maandalizi hayajaanza. Hali ya mgonjwa baada ya kukataliwa ilikuwa ileile ya jana yake: alikuwa anakufa kwa ugonjwa wake. Kaka yangu, siku hasi tatu, hakuwa tena anakufa kwa ugonjwa wake. Alikuwa amewekwa mahali pa kufa na tiba, na alikubali kuwekwa pale kwa sababu mimi nilisema nitakuwepo.

Tuchukue mfano wa kisima. Mtu ametumbukia kisimani, nami napita. Nisipomrushia kamba, nimekosa utu, naam, lakini si mimi niliyemtumbukiza. Sasa tuchukue mchimba kisima. Anajifunga kamba kiunoni, ananitazama, ananiuliza kama nimeishika, nami namwambia nimeishika. Anashuka. Akiwa katikati, mikono yangu ikianza kuuma nikaiachia, siwezi kusema kwamba nimeacha kumsaidia. Nimemwangusha. Mgonjwa wa siku hasi tatu ni mchimba kisima aliyeko katikati, na mtoaji ndiye mwenye kamba.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni hii: haki ya kutolazimishwa na haki ya kutenda ni mambo mawili tofauti. Mtoaji anabaki na ya kwanza hadi dakika ya mwisho, na hakuna daktari, jaji wala mzee wa ukoo anayeweza kumpokonya. Lakini ya pili humponyoka siku dawa ya kwanza inapoingia kwenye mshipa wa mgonjwa. Kuanzia hapo anaweza kuondoka, na hakuna wa kumzuia, ila akiondoka ametenda ubaya mkubwa kuliko wa binamu wa Pittsburgh.

Hapa msomaji ataniambia kwamba nimezunguka mbali kulifikia jambo ambalo wahenga walishalisema: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nami niliitamka methali hiyo pale kwenye ngazi, nikijisuta. Lakini tuitazame vizuri. Methali inamzungumzia mtu aliyejivulia nguo mwenyewe na anayetakiwa kuoga mwenyewe. Hapa aliyevuliwa nguo ni kaka, nywele zake, kinga yake, labda na watoto wake, na anayedaiwa kuyaingia maji ni mimi. Methali itanihusu tu kama na mimi nilijivua. Je, nilijivua, au nilivuliwa na kikao cha baba mkubwa?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu lina mtego. Tuseme mtoaji hakuahidi kwa hiari. Tuseme aliahidiwa na wengine, naye akanyamaza kwa heshima au kwa woga, kama ilivyo kwa watoto wengi wa kwetu ambao kimya chao huhesabiwa kuwa ndiyo. Kwa mujibu wa haki, ahadi ya namna hiyo si deni lake, kwani huwezi kudaiwa mkopo uliochukuliwa kwa jina lako bila wewe kujua. Lakini mgonjwa naye hana kosa. Alishuka kisimani kwa nia njema, akiamini kamba imeshikwa. Basi deni ni la nani? Ni la wale walioahidi kwa niaba ya mwingine. Na hapo ndipo ubaya wa jambo unapoonekana: baba mkubwa, kwa upendo wake wote na kiwanja chake alichokiuza, aliahidi uloto ambao haukuwa wake. Wa kwake haulingani. Alikopa deni ambalo hata akitaka vipi hawezi kulilipa yeye. Italazimu alipe yule ambaye hakukopa, au afe yule ambaye hakukosa.

Hakuna suluhisho jema la hali hiyo ikishatokea. Kwa hiyo wajibu wote wa kimaadili unarudi nyuma, kabla ya siku hasi saba. Hospitali nyingi zinazopandikiza uloto zina utaratibu ambao nilipoupitia niliuona kama urasimu tu. Mtoaji huonana na daktari ambaye si daktari wa mgonjwa, ili asiwepo mtu mmoja anayewapigania wawili wenye maslahi tofauti. Huonana naye bila familia. Mimi niliingizwa katika chumba kidogo pamoja na mkalimani, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa akisoma huko. Shangazi alitaka kuingia nami, akaombwa kwa adabu abaki nje.

Daktari, mama wa makamo, alinieleza kila hatua. Kisha akasema jambo ambalo mkalimani alilirudia mara mbili ili nilielewe: “Leo unaweza kusema hapana. Ukisema hapana, nitawaambia wote kwamba mtoaji huyu hafai, basi. Hakuna atakayejua sababu. Lakini wakishaanza kumpa kaka yako dawa, ukirudi nyuma atakufa. Kwa hiyo nakuuliza leo. Unataka?”

Mwalimu wetu mmoja wa maadili, nilipomsimulia haya darasani, aliuliza kama daktari yule hakuwa amejitolea kusema uongo. Ni swali la haki. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, alitumia ahadi ya uongo kama mfano wa kitendo ambacho hakiwezi kufanywa kuwa kanuni ya watu wote, na sidhani kama angempa daktari ruhusa hiyo. Mimi naona vingine. Mtu asiyetaka kutoa hafai kweli kutoa, kama vile mwenye ugonjwa wa moyo asivyofaa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, na kukosa moyo huo ni sababu tosha. Daktari hasemi uongo. Anaificha tu sababu ambayo ni siri ya mgonjwa wake, na katika chumba kile mgonjwa wake alikuwa ni mimi.

Mwanzoni nilitaka kusema ndiyo haraka ili tutoke. Lakini neno “hafai” lilinisimamisha. Kwa mara ya kwanza tangu kikao cha Buyenzi, nilikuwa na mlango ambao ningeweza kuupitia bila kuaibika mbele ya mtu yeyote. Nilikaa kimya muda mrefu, hadi mkalimani akaniuliza kama nahitaji maji. Kisha nikasema nataka.

Ndiyo maana usiku wa siku hasi tatu nilivua viatu. Sikuzuiwa na baba mkubwa. Alikuwa mbali, Bujumbura, na hasira zake ningeweza kuzikimbia maisha yangu yote. Sikuzuiwa hata na hofu ya kifo cha kaka peke yake, kwa sababu woga ukizidi humfanya mtu asahau hata anaowapenda. Nilizuiwa na ile ndiyo yangu. Niliisema wakati hapana ilikuwa inawezekana na isingejulikana. Ilikuwa yangu, na kwa hiyo deni lilikuwa langu. Kama nisingeulizwa peke yangu katika chumba kile, naamini ningeondoka, na njiani ningejiambia, tena kwa ukweli, kwamba sikuahidi mimi.

Lipo pingamizi moja la kujibiwa. Mtu anaweza kusema kwamba tatizo hili ni la kiufundi na lina dawa ya kiufundi: seli za mtoaji zitolewe kwanza, zigandishwe, na mgonjwa asianze maandalizi hadi seli ziwe kwenye friji ya hospitali. Njia hii ipo. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, vituo vingi duniani viliitumia kwa sababu mtoaji angeweza kuugua au ndege zikazuiwa. Nakubali kwamba panapowezekana ni njia nzuri, kwani humwondoa mgonjwa katikati ya kisima. Hata hivyo, haifuti swali; inalisogeza mbele tu. Inamlinda mgonjwa dhidi ya mtoaji anayebadili nia, lakini haimlindi mtoaji dhidi ya ukoo uliokwisha kumtoa. Mtu ambaye hajaulizwa anabaki hajaulizwa, hata kama uloto wake umehifadhiwa salama.

Kwa hiyo, ninahitimisha kwamba maandalizi ya mgonjwa wa leukemia kabla ya kupandikizwa uloto ni maandalizi ya watu wawili. Mmoja huandaliwa kwa dawa ili aweze kupokea. Mwingine huandaliwa kwa ukweli na kwa uhuru ili aweze kuahidi. Yule wa pili asipoandaliwa, yule wa kwanza anashushwa kisimani kwa kamba isiyoshikwa na mtu. Ahadi ni deni, lakini ni deni la aliyeulizwa akajibu.

Kaka yangu yuko hai, huu ni mwaka wa nne. Alimwoa mchumba wake. Kabla ya kuiwasilisha insha hii nilimsomea, kwa sababu habari za mwili wake zimo ndani, na habari za zile ngazi hakuwahi kuzisikia. Alinyamaza kwa muda. Nilidhani atanilaumu kwa vile viatu. Badala yake aliniambia kwamba katika miezi yote ile, Bujumbura na India, hakuwahi kuniuliza kama nataka, na kwamba hakusahau. Aliogopa jibu.

Nimelifikiria sana neno lake hilo. Anayehitaji uloto anaogopa kuuliza, na ukoo unaompenda unaogopa pia. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini ndiyo sababu swali lile haliwezi kuachiwa wao. Ni lazima aulize mtu ambaye hatapoteza chochote akijibiwa hapana, na aulize mapema, mlango ukiwa bado wazi.